Kusanifu nyumba ya mawe ya Mikindani kwa matofali ya kuchezea kwenye kompyuta

Mikindani, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, bado ina nyumba za mawe zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, nyingine zikiwa na baraza mbele na mlango wa nakshi, nyingine zikiwa zimebaki kuta tupu zenye mizizi ya miti. Kwa kuwa matofali ya kuchezea hayapatikani kirahisi katika maduka ya kwetu, na anayeyapata huletewa na ndugu aliyesafiri, programu za kusanifu kwenye kompyuta ndizo zinazotuwezesha kujenga nyumba hizo bila kusubiri boksi lifike. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kusanifu chumba cha mbele cha nyumba ya aina hiyo, na msisitizo wake ni mmoja: kompyuta haijui uzito, wala haijui kwamba mjenzi ana vidole, kwa hiyo ni lazima wewe msanifu uyajue hayo kwa niaba yake.

Kwa mwenye kompyuta ya kawaida isiyo na nguvu nyingi, ninapendekeza LeoCAD, ambayo ni ya bure, hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na huja na maktaba yake ya vipande, hivyo ukishaisakinisha huhitaji tena intaneti wala kununua bando kila siku. Mwenye mashine yenye nguvu zaidi anaweza kutumia Studio ya BrickLink, kampuni iliyonunuliwa mwaka 2019 na LEGO, watengenezaji wa matofali haya ya kuchezea. Hiyo hukuonya vipande viwili vinapoingiliana na pia hukuonyesha kipande kisichotengenezwa kwa rangi uliyochagua. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayosifu LEGO Digital Designer, yaache, kwa sababu programu hiyo ilisitishwa mwaka 2022.

Msingi wa programu nyingi za namna hii ni LDraw, yaani mfumo wa kuandika modeli za matofali kwenye kompyuta pamoja na maktaba yake ya vipande, iliyoanzishwa mwaka 1995 na James Jessiman wa Australia, kijana aliyefariki mwaka 1997, na ambayo maktaba yake imeendelezwa na watu wa kujitolea hadi leo. Ninamtaja kwa heshima kwa sababu kipimo alichokiweka ndicho utakachokitumia katika kila hatua. Katika kipimo hicho, upana wa kinundu kimoja (kile kichomozo cha duara kilicho juu ya tofali), yaani umbali kutoka kati ya kinundu hadi kati ya kinundu kinachofuata, ni vizio 20. Kimo cha tofali ni vizio 24. Kimo cha kibapa, yaani kipande chembamba, ni vizio 8. Na kinundu chenyewe huchomoza vizio 4. Kizio kimoja ni milimita 0.4, kwa hiyo kinundu kimoja ni milimita 8, tofali ni milimita 9.6 na kibapa ni milimita 3.2. Yaandike mahesabu haya kwenye karatasi na uibandike karibu na skrini. Kutokana nayo utaona jambo litakalotusaidia sana tutakapofika kwenye mlango: vibapa vitano vikipangwa juu ya vingine hutoa vizio 40, sawasawa na upana wa vinundu viwili.

Faili la LDraw ni maandishi matupu, ambayo unaweza kuyafungua hata kwenye programu ya kuandikia. Mstari ufuatao ni tofali jeupe la vinundu viwili kwa vinne lililowekwa katikati:

1 15 0 0 0 1 0 0 0 1 0 0 0 1 3001.dat

Namba 15 ni rangi nyeupe, tarakimu tatu zinazofuata ni mahali tofali lilipo, na 3001 ni namba ya kipande. Namba ya kati katika hizo tatu hupungua kadiri unavyopanda juu, hivyo kozi ya pili, yaani safu ya pili ya matofali, itakuwa kwenye -24, jambo ambalo huwachanganya wengi mwanzoni. Uzuri wa faili la aina hii ni kwamba ni dogo mno, na unaweza kumtumia mwenzako kwa simu bila gharama ya maana.

Kabla ya kufungua programu, nenda kwenye nyumba yenyewe ukiwa na futi kamba na daftari, uombe ruhusa kwa wenyeji, kisha upime. Skeli inayofaa ni 1 kwa 40, kwa sababu kisanamu cha mtu kina urefu wa karibu sentimita 4, ambazo kwa skeli hiyo ni mita 1.6. Hapo kinundu kimoja kinakuwa sentimita 32. Utagundua kwamba vyumba vya nyumba za mawe ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake iko juu ya kichwa chako: dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake unaotumika hauzidi sana mita 2.5 hadi 3, kwa hiyo ukuta haukuweza kwenda mbali kuliko boriti. Chumba chetu kitakuwa na upana wa vinundu 8 kwa ndani, ambavyo ni mita 2.56, na kuta za nje nitazipa unene wa vinundu viwili, yaani sentimita 64, kwa kuwa kuta za matumbawe kwa kweli ni nene. Upande wa mbele utakuwa na urefu wa vinundu 20, mlango ukichukua sita vya katikati na kuacha saba kila upande.

Anza na sakafu ya vibapa, kisha upandishe kuta kozi kwa kozi kama fundi, usijenge ukuta mmoja hadi juu na kuuacha mwingine. Maungio lazima yapishane. Hapa ninasema kwa uchungu, kwa sababu ukuta wangu wa kwanza wa nyuma ulikuwa na unene wa kinundu kimoja, na kwenye skrini ulinyooka kama uliopigwa timazi, lakini maungio ya kozi zote saba yalikuwa juu ya mstari mmoja. Vijana wawili walipoujenga kwa matofali halisi na kuuinua, ukagawanyika katikati kama daftari linalofunguliwa, vipande vikatapakaa chini ya meza. Programu haikunionya lolote. Tangu siku hiyo, nikimaliza kozi tatu huuzungusha ukuta kwenye skrini na kuukagua kwa nyuma, nikifuata kila ungio kwa kidole hadi nihakikishe kwamba limefunikwa na tofali la kozi ya juu. LeoCAD pia haikuzuii kulididimiza tofali moja ndani ya jingine, kwa hiyo ukiona kingo mbili zinametameta mahali pamoja unapozungusha picha, jua kuna vipande viwili vinavyogombea nafasi moja.

Baraza ni rahisi: tofali moja likifunikwa na kigae laini, yaani kibapa kisicho na vinundu juu, hutoa milimita 12.8, ambazo ni kama sentimita 51 za kweli, kimo cha kukalia. Kigae laini huficha vinundu na kuonekana kama lipu ya chokaa.

Mlango ndio unaostahili muda wako. Mlango wa nakshi una mbao mbili, mfaa unaosimama katikati, na miimo pembeni, na mistari yake yote mikubwa huenda wima. Ukiujenga kwa matofali yaliyolala, mistari hiyo hupotea. Badala yake, chukua vibapa vya kinundu kimoja kwa vinane, namba 3460, uvipange 15 juu ya vingine, kisha uulaze mrundo mzima ubavu ili urefu wa vibapa usimame. Vibapa 15 ni vizio 120, sawasawa na vinundu sita tulivyoacha. Vigawe hivi: viwili vya mwimo, vitano vya ubao, kimoja cha mfaa, vitano vya ubao wa pili, viwili vya mwimo mwingine, mbao zipate hudhurungi ya namba 70, na miimo na mfaa vipate rangi iliyokoza zaidi. Kibapa cha mwisho kibadilishe kiwe kigae laini cha urefu uleule, namba 4162, kwa sababu vinundu vyake vingechomoza na kugonga ukuta.

Mrundo huo utashikwa na matofali mawili madogo yenye kinundu ubavuni, namba 87087, yanayotazama ndani ya uwazi wa mlango. Kinundu hicho cha ubavu kiko vizio 14 kutoka chini ya tofali, na katika kibapa kilichosimama nafasi ya kwanza iko vizio 10 kutoka mwisho wake. Tofauti ni vizio 4, ambavyo ni kimo cha vinundu vya sakafu, kwa hiyo mlango utakaa juu ya vinundu vya sakafu bila pengo na bila kuvibana. Tofali la kwanza la aina hiyo liweke kwenye kozi ya 1 na la pili kwenye kozi ya 6, kwa sababu hapo ndipo vipimo vya tofali na vya kibapa hukutana tena: mara tano 24 ni sawa na mara sita 20. Ukijaribu kozi ya 4 au ya 5, kinundu hakitaingia. Uwazi uwe na kozi saba, yaani vizio 168. Mlango unafika 164, na nafasi inayobaki chini ya linta ni milimita 1.6 tu.

Kwa paa, tandaza matofali membamba ya vinundu 10 yakivuka kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja likiegemea kinundu kimoja kila upande na kuacha pengo la kinundu kati yake na linalofuata, kama boriti zenyewe, kisha ufunike kwa vibapa vikubwa.

Mwisho, gawa modeli katika hatua za ujenzi, na usiamini mpangilio ambao ulijenga nao kwenye skrini. Huko unaweza kuutia mlango ndani ya uwazi uliokwisha kuzungukwa, lakini mkono hauwezi: ili kinundu cha ubavu kiingie, mrundo lazima usogezwe milimita 1.6 kwa upande, na nafasi hiyo haipo ukuta wa pili ukishasimama. Kwa hiyo hatua ziwe hivi: kwanza sakafu; pili ukuta wa upande wenye vinundu vya ubavu, kozi zote saba; tatu mlango, ukisukumwa kwa upande hadi ubane; nne ukuta wa upande wa pili, uliogusana na kigae laini; na tano linta ya vinundu 8 au zaidi, ikipita juu ya uwazi na kuegemea angalau kinundu kimoja kila upande. Hifadhi faili baada ya kila hatua, maana umeme hukatika bila kubisha hodi, kisha toa orodha ya vipande na uilinganishe na vilivyomo kwenye boksi lako kabla hujaanza kujenga.