Somo: Ukikutana na msemo wa Kiingereza usioujua, pitia hapa kabla ya kuniuliza

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mkuu, hii maana yake nini?" halafu maneno mawili yaliyong'olewa kwenye sentensi. Naandika mara moja, sitarudia.

1. Nakili sentensi nzima, pamoja na iliyotangulia.

2. Jua nani anamwambia nani, na ni Kiingereza cha wapi.

3. Tafuta msemo wote, si neno mojamoja. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge zipo bure mtandaoni.

4. Angalia msemo unatumika kwa hali gani. Hapa ndipo nilipoungua. Niliomba ruhusa kwa bosi nikaanza barua pepe na "With all due respect". Nilijua kila neno, nikaona ni sawa na "kwa heshima na taadhima" yetu. Bosi akaniita: "Una kinyongo gani na mimi?" Kumbe msemo ule humtangulia mtu anayetaka kupinga. Heshima imetajwa, ila anayeusikia anajikaza kwa kinachokuja. Kwa hiyo usiishie kwenye maana. Kamusi huweka alama kama "informal", "humorous" au "disapproving"; hiyo ya mwisho maana yake msemaji anabeza. Ukiiruka, utamtukana mtu huku unatabasamu.

5. Weka msemo ndani ya alama za kunukuu kwenye injini ya utafutaji, usome mifano kumi. Tazama kinachoufuata. Ningefanya hivyo, ningeziona "but" zimejipanga.

MASWALI

Chapchap: Mkuu, "table" kwenye mkutano ni nini?

Mimi: Hatua ya 1.

Chapchap: Mbona mkali? "They tabled the motion."

Mimi: Si ukali, ni kuchoka. Uingereza: waliiwasilisha hoja ijadiliwe. Marekani: waliiweka kando. Sasa rudi hatua ya 2.

Mwanagenzi: Nimefuata zote, bado nimekwama. Mwalimu wangu Mwingereza kaandika "quite good" kwenye insha. Nifurahi?

Mimi: Swali tamu hili. Kwa Waingereza, "quite" mbele ya "good" mara nyingi hupunguza: nzuri kiasi. Mbele ya neno ambalo tayari liko kileleni, kama "perfect", huwa ni "kabisa". Kwa Mmarekani "quite good" ni sifa zaidi. Kwenye mazungumzo sikiliza mkazo: ukiangukia "quite", sifa inanywea. Kwenye maandishi, soma maoni mengine aliyokuandikia.

Mzee wa Programu: Programu ya tafsiri inatosha, mnajisumbua.

Mimi: Ingenipa "kwa heshima zote". Ningeungua vilevile.

Bi Daftari: Mimi kila msemo naupangia wa kwetu wenye uzito uleule. "Pass away" ni kuaga dunia, "kick the bucket" ni kukata kamba. Huo wa pili siwezi tena kuupeleka msibani.

Mimi: Hii naiiba. Na "with all due respect" umeipa nini?

Bi Daftari: "Samahani mzee wangu, lakini..."