Sakafu ya kioo: adui ni mchanga, si uzito wa watu

Sakafu ya kioo iliyopimwa na kufungwa vizuri haichoshwi na miguu ya watu. Inachoshwa na kilichonasa kwenye soli zao. Kwa kipimo cha Mohs, ambacho kitu chenye namba kubwa hukwaruza chenye namba ndogo, kioo kina ugumu wa karibu 5.5, na punje ya mchanga wa kwatsi ina 7. Weka punje moja juu ya kipande cha kioo kisicho na kazi, ibonyeze kwa kisigino cha kiatu kisha uzungushe: utasikia mkwaruzo kabla hujauona. Mtu wa kilo 60 akiegemea kisigino cha mchuchumio chenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba, karibu uzito wake wote unatua hapo, na kama kuna punje chini yake, inakuwa patasi.

Ndiyo maana ulinzi unaanzia mlangoni. Weka zulia gumu la kukwangua nje, na la kufyonza vumbi na maji ndani. Kwa pamoja yafike mita 4 au 5, ili kila mguu ukanyage mara kadhaa kabla ya kufika kwenye kioo. Yanyonywe vumbi kila siku, kwa sababu zulia lililoshiba linarudisha mchanga kwenye viatu. Usitandike zulia juu ya kioo chenyewe: mchanga unajificha chini yake na kusagwa siku nzima. Pale ambapo wageni ni wengi mno, vifuniko vya viatu vinafaa sana, kama wanavyovaa wageni wa Grand Canyon Skywalk huko Arizona.

Kusafisha kuna mpangilio, na kosa kubwa ni kuanza na maji. Dekio lililolowa likipita juu ya mchanga linageuka msasa. Anza na mashine ya kunyonya vumbi yenye brashi laini, na kagua magurudumu yake kwanza, maana punje hupenda kujificha humo. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, pamoja na kitambaa cha maikrofaiba. Sabuni iwe isiyo na asidi wala magadi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikizidi huacha utando unaoteleza. Suuza, halafu vuta maji kwa mpira wa kukaushia yasituame kwenye maungio. Uso wenye vidoto (nukta ndogo ndogo) au uliopigwa mchanga ili usiteleze unahitaji brashi laini ya nailoni, kwa kuwa uchafu hukaa mashimoni. Huo usiupake nta hata siku moja. Bazoka iliyoganda iwekee barafu ndani ya mfuko, ikishakuwa ngumu ing'oe kwa kikwanguo cha plastiki. Wembe na sufi ya chuma viwe mbali kabisa, na dawa zenye asidi ya haidrofloriki hula kioo chenyewe.

Maungio ndiyo yanayosahaulika zaidi. Sakafu ya kioo ni mabamba kadhaa yaliyogandishwa kwa plastiki katikati, na maji yakikaa ukingoni plastiki huanza kuachia. Dalili yake ni wingu jeupe au mapovu yanayotambaa kutoka pembeni kuelekea ndani. Kila mwezi bonyeza silikoni inayoziba maungio kwa dole gumba kuzunguka bamba lote. Ikiachia, ikatwe na kuwekwa upya kwa silikoni isiyo na asidi. Ile inayonuka siki inapokauka inaweza kuharibu plastiki ya kati. Ukisikia kioo kinagonga mtu anapopita, fungua eneo hilo na uangalie vipande vya mpira vinavyobeba kioo kwa chini. Vikihama, kioo kinakaa juu ya chuma kitupu, na ufa huanzia hapo.

Wakati wa ujenzi au ukarabati ndipo sakafu nyingi huharibiwa kabla hata hazijafunguliwa. Nyonya vumbi, tandaza sponji nyembamba, juu yake plaiwudi ya milimita 12, na ufunge ubao kwa ubao kwa utepe bila kugusa kioo. Cheche za grainda na kuchomelea huyeyuka na kuganda kwenye kioo, zikiacha vidonda visivyosafishika. Uji wa saruji una magadi makali: ukimwagika, osha kwa maji mengi papo hapo, usingoje ukauke. Nailoni ya gundi iliyobandikwa kukinga kioo itolewe ndani ya muda uliowekwa na mtengenezaji, kwani jua huipika gundi.

Ukaguzi wa kweli hufanywa usiku. Laza tochi karibu na sakafu, na mikwaruzo yote itajitokeza. Pitisha ukucha: usipokwama, andika mahali ulipo mkwaruzo na uendelee. Ukikwama, au ukiona kipande kimemeguka ukingoni, ita mtaalamu wa miundo ya vioo. Kusugua kwa oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia kioo, huondoa alama nyepesi tu. Ukikazana unaacha bonde linalopindisha taswira, na vidoto vya kuzuia utelezi vinaweza kuondoka.

Bamba la juu mara nyingi huwekwa liumie badala ya mengine. Mwaka 2014, kwenye ghorofa ya 103 ya Willis Tower, Chicago, tabaka la kinga lilipasuka chini ya miguu ya wageni huku kioo cha chini kikibaki salama. Hata hivyo, ukiona ufa usijaribu kwa mguu. Funga eneo la juu na la chini yake watu wasipite, kisha agiza bamba zima, kwa sababu kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi wala kutobolewa tena. Ni vyema kuagiza la akiba tangu ujenzi, likiwa na vidoto vilevile, na kulihifadhi likiwa wima juu ya mbao zenye mpira, mahali pakavu, ukingo wake usiguse saruji.