Nywele timtim za farasi wa kuchezea: namna ya kuzilaza bila kuziunguza

Farasi wa My Little Pony, ambao kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuwatoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, huzeeka vibaya nyweleni kuliko mwilini. Mwili ukisuguliwa kwa sabuni hung'aa tena. Nywele za shingoni na mkia ndizo kazi: zimetimka, zinakwaruza mkononi, na ncha zimejikunjakunja.

Tunasema nywele zimekauka, lakini hii ni plastiki. Mafuta ya nywele hayaingii ndani ya uzi. Yanakaa juu yake, yananasa vumbi, na baada ya muda unabaki na nywele timtim zilezile zikiwa chafu zaidi. Kinachozisumbua ni umbo. Kila uzi umepindishwa na kusuguliwa mpaka ukashika mpindo huo, na dawa yake ni joto, kisha ubaridi wakati uzi bado umenyooka. Mengine yote ni maandalizi.

Hatua ya 1: Ujue uzi wenyewe

Chukua uzi mmoja uliobaki kwenye kitana. Utie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uuzamishe kwa kidole, kisha uachie. Ukirudi juu na kuelea, ni polipropilini, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Nailoni huzama. Farasi wa zamani wengi wana nailoni, na hiyo ni bahati yako, maana nailoni hutii joto vizuri. Polipropilini ni kaidi: italala kidogo kwa maji ya moto, lakini usitarajie ing'ae kama mpya, na pasi ya nywele usiisogeze karibu yake kabisa.

Hatua ya 2: Osha

Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mshike farasi kichwa kikiwa chini ili maji yatiririke kuelekea ncha za nywele, yasiingie kwenye maungio ya shingo. Mkia unahitaji uangalifu zaidi. Kwa farasi wengi wa zamani, mkia umeshikiliwa kwa ndani na kipande cha chuma, na maji yakikaa humo chuma kinashika kutu, kutu inapanda kwenye shina la mkia na kulitia rangi ya kahawia. Kwa hiyo chovya nywele tu, shina libaki nje ya maji.

Hatua ya 3: Chana kwa subira

Hapa ndipo kondishena ina kazi yake. Ni kilainishi cha kupitishia kitana, si tiba. Paka ya kutosha nywele ziteleze, kisha anza na ncha: chana sentimita moja au mbili za mwisho mpaka kitana kipite bila kukwama, ndipo upande juu kidogo. Mkono mwingine ubane nywele karibu na mizizi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako badala ya kung'oa kishungi kutoka kwenye tundu lake. Fundo likigoma, lifumue kwa sindano uzi mmoja mmoja. Ukilivuta kwa nguvu, nailoni hurefuka kabla ya kukatika, na uzi uliorefuka hivyo hubaki na mawimbi madogo madogo ambayo joto haliyaondoi vizuri.

Anza na chanuo la meno mapana, umalizie na kitana cha chuma chenye meno membamba. Kisha suuza kondishena yote mpaka maji yatoke safi.

Hatua ya 4: Maji ya moto

Chemsha maji, uyaache yatulie dakika chache. Nailoni iliyolowa hulegea kwa joto dogo kuliko nailoni kavu, kwa hiyo huhitaji maji yanayotokota. Funika uso na mwili kwa taulo, mlaze farasi ukingoni mwa beseni nywele zikining'inia, kisha mwagia maji polepole kuanzia juu kwenda chini huku ukipitisha kitana cha chuma. Utaona nywele zikilala zenyewe nyuma ya kitana. Usiibonyeze shingo wakati huo. Plastiki ya mwili nayo imelegea.

Nywele zikishanyooka, zishike hivyohivyo na kumwagia maji baridi. Usiruke hatua hii, maana ubaridi ndio unaoligandisha umbo. Rudia ikibidi, mara nyingi mzunguko wa pili huleta tofauti kubwa kuliko wa kwanza.

Hatua ya 5: Pasi ya nywele, kwa nailoni tu

Kama bado kuna mikunjo, subiri nywele zikauke kabisa. Tumia pasi yenye kipimo cha joto, uanze chini kabisa. Kwangu mimi nyuzi 120 za Selsiasi ndio mwisho. Jaribu kwanza kwenye nywele chache za upande usioonekana. Kitana cha chuma kitangulie, pasi ifuate nyuma yake bila kusimama mahali pamoja. Ukisikia harufu ya plastiki, ondoa pasi papo hapo: ncha zilizoyeyuka hazirudi.

Hatua ya 6: Punguza, kisha kausha

Ncha zilizobaki zimejikunja baada ya haya yote hazitanyooka tena. Shika mkasi wima, ukate zile zilizochomoza tu. Usikate mstari ulionyooka chini. Kwa wakusanyaji, nywele zilizokatwa hushusha thamani haraka kuliko nywele zilizotimka kidogo.

Nywele zikiwa na unyevu, zilaze kwa kuzizungushia karatasi nyeupe ya tishu na kuifunga kwa uzi. Kama ni nyekundu au zambarau iliyokolea, tishu ikae pia kati ya nywele na mwili, maana rangi yake inaweza kuhamia kwenye plastiki, na doa la namna hiyo halisuguliki. Ukitaka mawimbi, zungushia nywele kwenye mrija mnene kabla ya kumwagia maji ya moto na baridi, na usiutoe mpaka zikauke.

Mkaushe kivulini, mkia ukining'inia chini, mpaka shina la mkia liwe kavu kabisa. Jua na kikaushio cha moto havifai: jua hufifisha rangi, na kikaushio hurudisha timtim uliyohangaika kuiondoa.