Ukikaa dirisha la dawa zahanati: jinsi ya kutoa mseto mtoto amalize dozi vizuri

Nachukua mseto (ALu), dawa ya malaria, kama mfano maana ndo dawa inayopita sana dirishani, na ndo inayoharibiwa sana pia.

Cheti kikifika usikimbilie shelfu, kisome kwanza. MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, imesemaje? Uzito umeandikwa? Kama kipimo ni negativu na bado kuna ALu kwenye cheti, nenda kwa daktari umuulize taratibu, sio mbele ya wagonjwa jamani. Wakati mwingine kaandika tu kwa sababu mama kalia "mtoto anachemka", kumbe ni nyumonia, na mseto hauigusi hiyo, mtoto anazidi kuumia huku nyumbani wanajua katibiwa.

Uzito usikadirie kwa macho wala kwa umri, mizani ipo. Kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kidonge 1 kila mara, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 kwenda juu vinne. Mara mbili kwa siku, siku 3. Kwa hiyo wa kilo 12 ni vidonge 6 basi. Pakti za watoto zikiisha kata ile ya vidonge 24, unapata dozi za watoto wanne wa uzito huo, ila kwenye bahasha andika jina la dawa na tarehe ya kuisha muda wake maana kipande ulichokata mara nyingi hakina.

Sasa saa, hapa ndo penye kazi. "1x2" (kidonge 1 mara 2 kwa siku) ni lugha yetu sisi, bibi aliyemleta mjukuu haimsaidii kitu. Dozi ya kwanza ameze hapohapo mbele yako, ya pili ni baada ya masaa 8, zinazobaki asubuhi na usiku. Yaani kama kameza saa 4 asubuhi, ya pili saa 12 jioni leo, halafu kesho saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, keshokutwa hivyohivyo. Na andika saa ya Kiswahili! Mimi niliwahi kuandika 10:00 nikimaanisha saa 4, mama wa watu akampa saa kumi jioni, na hakukosea, nilikosea mimi.

Mwambie ampe na chakula chenye mafuta kidogo, uji wa karanga, maziwa, au anyonyeshe. Akitapika ndani ya nusu saa arudie vidonge vyote vya mara hiyo, kisha aje umwongezee idadi ileile ili dozi isipungue.

Usiulize "umeelewa mama?" kila mtu atakujibu ndio sista. Uliza "mama, ukifika nyumbani utampaje?" halafu nyamaza usikilize. Foleni itanung'unika, iache inung'unike, ni dakika moja tu.

Zinki ya kuhara nayo ni hivyohivyo, siku 10 hata kuhara kukikoma siku ya pili, wengi wanaiachia hapo. Leja, daftari la dawa, jaza wakati unatoa, sio jioni kwa kukumbuka.

Kabla hajaondoka mtajie dalili za hatari: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, asisubiri dozi iishe, arudi muda huohuo hata kama ni usiku. Na hilo nalo akurudishie kwa mdomo wake.