Somo: Umezoea kuvua besi? Hivi ndivyo wolai anavyovuliwa

Wakuu, wengi wetu tuliohamia Minnesota tulianza na samaki aitwaye besi (bass), na sababu inajulikana: besi yuko karibu. Ukienda Ziwa Minnetonka, nje kidogo ya Minneapolis, utamkuta chini ya magati ya watu na pembezoni mwa magugu, kwenye kina ambacho mtu mzima anasimama. Unarusha chambo bandia, unavuta, unarusha tena, na kufika jioni huwezi kukosa cha kusimulia. Wolai, samaki anayeitwa walleye kwa Kiingereza, hataki hivyo. Ndiye samaki rasmi wa jimbo hili tangu 1965, ndiye anayewatoa wenyeji kitandani kabla ya alfajiri kila Mei, lakini mvuvi hodari wa besi anaweza kushinda juu ya maji anayokaa wolai asimwone hata mmoja. Somo hili ni la huyo mvuvi hodari. Asiyewahi kushika fimbo ataelewa pia, ila sitaeleza namna ya kufunga fundo.

Hatua ya kwanza: lifahamu jicho lake

Ukimmulika wolai kwa tochi usiku, jicho linang'aa. Ndani yake, nyuma ya sehemu inayopokea picha, kuna tabaka linalorudisha mwanga, kwa hiyo hata mwanga hafifu unamtosha. Pechi wa manjano, ambaye ni chakula chake kikubwa katika maziwa haya, hana tabaka hilo. Jua likishazama pechi anaanza kupapasa huku mwenzake anaona sawasawa, na hapo ndipo mlo unapoanza.

Mengine yote yanatokana na jicho hilo. Saa nzuri ni alfajiri, magharibi na usiku. Mchana unafaa kukiwa na mawingu, au maji yakiwa na rangi ya chai, au upepo ukivuma. Upepo nausisitiza kwa sababu sisi wa besi huwa tunaukimbia na kujificha kwenye vighuba. Kwa wolai fanya kinyume: viwimbi vinavunja mwanga usifike chini kwa ukali, na upepo unasukuma chakula kuelekea ufuko unaopigwa. Nenda kwenye ufuko huo, mradi boti yako inahimili. Ziwa likiwa limelala kama kioo na jua ni kali, basi kavue besi. Sitanii.

Mfano mzuri ni Mille Lacs, ziwa la ekari zaidi ya 130,000 ambalo kina chake kirefu kabisa ni kama futi 42 tu. Mwaka 2005 walionekana humo kome wadogo wenye milia, wageni kutoka pande za Ulaya, ambao kazi yao ni kuchuja maji. Maji yakawa maangavu zaidi. Besi mdomo-mdogo, aina mojawapo ya besi, anastawi humo kiasi kwamba 2016 fainali ya kumtafuta mvuvi bora wa mwaka wa Bassmaster, mashindano ya kuvua besi, ililetwa hapo. Wolai bado yupo, ila mchana wenye jua amekuwa mgumu kumpata.

Hatua ya pili: tazama kwanza, rusha baadaye

Mvuvi wa besi anatafuta samaki kwa kurusha. Anakwenda na ufuko, gati kwa gati, mpaka apate. Kwa wolai kazi hiyo ifanywe na sonari, kile chombo cha botini kinachoonyesha sakafu na samaki kwa mawimbi ya sauti. Zunguka taratibu, tafuta mteremko, mwamba uliozama au mahali ambapo changarawe inakutana na tope, na usishushe kitu mpaka uone alama za samaki karibu na sakafu ya ziwa. Kuzunguka nusu saa bila kulowesha mshipi kutakuudhi. Vumilia.

Msimu nao una ramani yake. Wolai hutaga mara barafu inapoyeyuka, maji yakiwa na nyuzi kama 6 hadi 10 za Selsiasi, kwenye changarawe ya kina kifupi na midomo ya mito. Msimu wa kuvua unapofunguliwa katikati ya Mei wengi hawajaenda mbali, na futi 6 hadi 12 zinatosha. Juni wako kwenye ukingo wa magugu na miteremko. Julai na Agosti, katika ziwa kama Mille Lacs, wanahamia kwenye vilima vya tope vilivyozama, futi 20 na zaidi.

Hatua ya tatu: punguza vifaa

Ile fimbo nene yenye mshipi wa kusukwa unaohimili pauni 50, unaoweza kumng'oa besi na magugu yake, iache nyumbani. Unahitaji fimbo ya futi sita na nusu hadi saba, nyepesi, yenye ncha laini inayokupa habari, na rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kawaida ya kuning'inia chini ya fimbo. Mshipi wa kusukwa wa pauni 10, na mbele yake uunge kipande cha mshipi wa florokaboni wa pauni 6 au 8. Nailoni tupu ya pauni 6 inafaa pia, na ni rahisi.

Hatua ya nne: jigi na kisamaki

Jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi, mnaijua. Kwa kina kisichozidi futi 10 tumia gramu 3.5, upepo ukizidi au kina kikiongezeka, gramu 7. Rangi watu wanabishana mpaka maduka ya chambo yanafungwa. Mimi naweka njano-kijani au chungwa kwenye maji machafu, rangi tulivu kwenye maji maangavu, na siendelei na mjadala.

Kisamaki hai kipitishe ndoano mdomoni, itokee kwenye matamvua, kisha uichome mgongoni ili kisichomoke. Shusha mpaka jigi iguse sakafu. Inua kama shibiri moja, tulia, irudishe chini huku mshipi umekaza kidogo. Wolai hupenda kuchukua jigi inaposhuka, na ukiulegeza mshipi hutajua kama amekuja au amekwenda. Mdono wake ni mdogo: "tik" moja, au uzito tu ambao haukuwepo. Maji yakishapata joto, badilisha visamaki kwa ruba au nyungunyungu.

Hatua ya tano: rigi ya Lindy

Hapa ndipo tabia ya besi inapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rigi ni mpangilio wa mshipi, uzito na ndoano. Hii waliitangaza ndugu wawili, Ron na Al Lindner, kutoka Brainerd katikati ya Minnesota, mwishoni mwa miaka ya 1960. Haina ujanja wa kutisha. Unapitisha mshipi kwenye chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) inayoteleza, unafunga kiungo kidogo kinachozunguka ili chubwi isishuke zaidi, kisha unaongeza mshipi mwembamba wa futi tatu hadi sita na ndoano ndogo mwishoni. Chambo ni ruba, nyungunyungu au kisamaki. Chubwi inatambaa chini, chambo kinaelea nyuma yake.

Boti iende chini ya maili moja kwa saa, kwa mashine ndogo ya umeme au kwa kuachia upepo uisukume. Rili iwe wazi, mshipi umeshikwa na kidole kimoja. Ukihisi uzito, achia kidole. Ndiyo, achia! Mshipi unapita kwenye chubwi bila samaki kuhisi kitu, naye anaondoka na chambo akidhani kimekuwa chake. Hesabu mpaka tano. Siku ambazo samaki wanasitasita, hesabu mpaka kumi. Funga rili, kusanya mshipi uliolegea mpaka umhisi, ndipo uvute fimbo pembeni kwa mkono mrefu na mpole.

Besi tumezoea kumkita kama mtu anayeng'oa muhogo. Wolai ukimfanyia hivyo kwa mshipi wa pauni 6 utabaki na mshipi, au utaichomoa ndoano mdomoni kabla haijashika.

Hatua ya sita: usimshike mdomo

Besi unamwinua kwa kidole gumba ndani ya mdomo, unapiga picha. Wolai ana meno marefu ya kuchoma, na kingo za vifuniko vya matamvua yake zinakata. Tumia wavu wa mkono, kisha mshike kwa juu, nyuma ya kichwa, ukilaza miiba ya pezi la mgongoni kwa kiganja. Koleo ya kutolea ndoano iwe mfukoni muda wote.

Na msitegemee vurugu. Mdomo-mdogo anaruka juu ya maji mara kadhaa kabla ya kukubali. Wolai anatikisa kichwa, anakaa chini, anapanda taratibu. Kwa mapambano, nampa besi. Kwa sahani, hakuna mashindano.

Hatua ya saba: sheria

Kwenye maji wazi Minnesota ni mshipi mmoja kwa kila mtu. Idadi na urefu unaoruhusiwa usome kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka huo, tena kwa jina la ziwa, kwa sababu maziwa mengi yana kanuni zake. Mille Lacs hubadilika mara kwa mara, wakati mwingine katikati ya msimu: mavuno yake yanagawanywa kati ya jimbo na makabila ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, ambao haki yao ya kuvua chini ya mkataba wa 1837 ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999. Anayelalamika kwamba kanuni ni kali mno akumbuke Red Lake, ziwa jingine la Minnesota, ambako wolai walivuliwa mpaka uvuvi wake ukasimamishwa 1999, na haukufunguliwa tena hadi 2006.

Ukitoka majini, chomoa kizibo cha boti na umwage maji yote, hata ya ndoo ya chambo. Ukitaka kubaki na visamaki vyako, viwekee maji ya bomba uliyokuja nayo. Hivyo ndivyo kome wanavyozuiwa kusafiri.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Sina boti. Nikate tamaa?*

Hapana, kaka. Wiki za mwanzo za msimu ndizo zako. Nenda kwenye mdomo wa mto, chini ya bwawa au kwenye ncha ya nchi kavu inayoingia ziwani, fika saa moja kabla ya jua kuzama, kaa mpaka giza liingie vizuri. Tumia chelezo na ruba mmoja, chambo kiwe futi moja juu ya sakafu. Au rusha chambo bandia chembamba chenye umbo la kisamaki, ukivute polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Ruba wanakaa vizuri kwenye friji. Mwambie mama watoto mapema.

*Rili yangu ya besi, ile inayokaa juu ya fimbo, haina kazi kabisa?*

Inayo. Katikati ya kiangazi watu wanakokota vyambo vya kupiga mbizi nyuma ya boti kwa maili mbili hivi kwa saa, na hapo rili hiyo ni bora kuliko nyingine. Kwa jigi nyepesi ndiyo sikushauri.

*Nilimtoa mmoja kwenye futi 35, nikamwachia, akaelea tumbo juu. Nifanye nini?*

Kibofu chake cha hewa kilitanuka alipopanda. Samaki anayetoka futi 30 na zaidi ana nafasi ndogo ya kuishi, hata akiondoka mwenyewe. Dawa ni kutovua kina hicho kama nia yako ni kuwaachia, au kama umeshafikisha idadi yako. Sogea kwenye futi 20.

*Mimi niko Naivasha, huku besi wapo tele tangu walipoletwa kutoka Marekani zamani. Huyu wolai hawezi kuletwa?*

Karibu sana. Wolai ni wa maji ya baridi na anahitaji majira ya baridi kweli ili mayai yake yakomae, kwa hiyo Naivasha hatazaana. Na hata angeweza, nisingeshangilia: sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na wenyeji wa ziwa lile wanajua samaki wadogo wangapi wa asili walipotea. Besi wako, hata hivyo, jaribu kumshushia jigi polepole kwenye mteremko mchana wa jua kali.

*Dada yenu hapa naomba upande wa jikoni. Anafaa kwa nazi?*

Anafaa, dada. Nyama yake ni nyeupe, tamu bila harufu, na minofu ikitolewa vizuri haina miba. Ila ni laini, hivyo chemsha tui na viungo mpaka mchuzi uwe tayari, ndipo utie samaki mwishoni kwa dakika chache. Akikaangwa na ndimu na kitunguu saumu ni bora zaidi, kwa maoni yangu. Mashavu msitupe. Kwa wajawazito na watoto kuna tahadhari: samaki hawa wana zebaki, na wakubwa wanayo zaidi. Idara ya afya ya jimbo inawashauri wale wolai wa chini ya inchi 20 tu, mara moja kwa mwezi.

*Wananiachia kichwa cha kisamaki tu, mkia umeliwa. Kila mara!*

Wanauma nyuma ya ndoano. Funga ndoano ndogo ya pili kwa kipande kifupi cha mshipi kwenye jigi, uichome karibu na mkia. Au subiri kidogo zaidi kabla ya kuvuta.