LPN au RN? Soma kwanza kabla hujamlipa agenti

Juzi mdogo wangu kanitumia voisi ya dakika sita, ndo katoka zamu ya usiku, nyuma nasikia konda anaita Igoma Igoma, anauliza aende Marekani kama LPN (licensed practical nurse, nesi wa ngazi ya chini) au RN (registered nurse, nesi wa ngazi ya juu) maana kuna agenti kamwambia LPN ndo njia ya mkato. Nikaona niandike kabisa, hili swali hapa Mwanza haliishi.

LPN (California na Texas wanamwita LVN) ukimfananisha na huku ni kama nesi wetu wa cheti. Anasoma kama mwaka mmoja, anafanya mtihani wa leseni unaitwa NCLEX-PN, kisha anafanya kazi chini ya RN au daktari: anapima presha, anagawa dawa, anafunga vidonda, anaweka katheta, na wengi utawakuta nyumba za kutunzia wazee. RN kasoma miaka miwili hadi minne, mtihani wake NCLEX-RN, na yeye ndo anampokea mgonjwa na kumchunguza mwanzo, anapanga huduma, anamsimamia huyo LPN. Tofauti utaiona kwenye dripu. LPN ataangalia inatiririka vizuri au mkono umevimba, ila kusukuma dawa mshipani au kutundika damu, majimbo mengi hapo anaitwa RN. Kila jimbo lina sheria yake ya uuguzi, so soma ya jimbo unakoenda wewe, sio alipo shemeji yako.

Hela sasa. Takwimu za serikali yao za Mei 2024, RN wa katikati anapata dola 93,600 kwa mwaka, LPN dola 62,340, yaani kwa saa kama 45 kwa 30. Hapo kodi haijakatwa na nyumba unapanga mwenyewe, usianze kuulizia viwanja Buswelu.

Ila kwangu mimi hela sio hoja kubwa, hoja ni viza. RN yupo kwenye orodha inaitwa Schedule A, kazi ambazo serikali ya kule imeshakubali watu hawatoshi, kwaiyo mwajiri halazimiki kwanza kutangaza nafasi na kuthibitisha kakosa Mmarekani. LPN hayupo kwenye hiyo orodha, mwajiri wake inabidi apite mlolongo wote, na sioni wengi wa kujisumbua hivyo kwa mtu wa Nyakato. Mkato gani sasa huo?

Kama una cheti tu, piga diploma kwanza. Hata usiposafiri hujapoteza, serikalini ngazi ya mshahara unatoka TGHS A unaingia B, na digrii C.

Mwenye diploma au digrii aanze na transkripti. CGFNS (tangu 2025 wanajiita TruMerit), wale Wamarekani wanaokagua vyeti vya manesi wa nje, wanataka masaa ya darasani na ya wodini, watu wazima kivyake, watoto kivyake, uzazi kivyake, afya ya akili kivyake. Yangu chuo walijumlisha afya ya akili humohumo kwenye watu wazima, nikarudishwa, miezi minne imeenda hivihivi. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo linathibitisha leseni yako na kuwatumia wao moja kwa moja, usipewe wewe mkononi. Baada ya hapo mtihani wa Kingereza, NCLEX-RN, kisha cheti cha VisaScreen, kile cha kuombea viza kama nesi.

Mdogo wangu nimemwambia Jumatatu aanzie chuoni, na ahesabu yale masaa palepale dirishani kabla hawajagonga muhuri.