Mwenye Duka la Vifaa vya Ujenzi Anayetaka Udiwani: Aanzie Wapi

Katika Manispaa ya Tabora, kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, na huko Urambo na Kaliua ambako watu hupaua nyumba baada ya malipo ya tumbaku, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hujulikana kabla hajapanda jukwaa lolote. Anajua nani ameishia kwenye lenta na nani anasubiri mauzo ya msimu ili anunue mabati, na anamjua fundi anayeaminika na yule anayekula fedha za mwenye nyumba. Si ajabu basi kwamba jioni moja wazee wa mtaa humfuata dukani wakamwambia achukue fomu. Mwongozo huu nimemwandikia yeye, kwa sababu nimeshika hesabu za maduka ya namna hiyo kwa miaka mingi na nimeona kwamba kinachomwangusha mfanyabiashara katika siasa ni duka lake mwenyewe, pale anapoliacha lichanganyike na kiti.

Njia hii haikuwa wazi siku zote. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, yakamkataza kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa na kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa, hivyo wafanyabiashara wakaanza kuingia kwenye mabaraza. Mlango ulifunguliwa, lakini swali la namna ya kutenganisha biashara na uongozi liliachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa dhamiri ya mtu. Swali hilo si letu peke yetu. Joseph Chamberlain, aliyetajirika kwa kutengeneza skrubu katika mji wa Birmingham, Uingereza, alikuwa meya kuanzia mwaka 1873 hadi 1876, na mwaka 1874 yeye na ndugu zake waliuza sehemu yao ya kiwanda. Sikushauri uuze duka, ila nakushauri ufanye uamuzi ulio wazi kama huo, na uufanye mapema.

Sifa za kugombea ni chache na unaweza kuzikagua kwa siku moja: uwe raia, uwe umetimiza miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa eneo la halmashauri husika, uwe na kipato halali, na uteuliwe na chama cha siasa, kwa kuwa sheria zetu hazina mgombea binafsi. Kwa ratiba ya kawaida, uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa utafuata mwaka 2029, na wa madiwani mwaka 2030. Muda huo unatosha kabisa kuliweka duka sawa, na kazi yenyewe inaanzia kwenye daftari la madeni.

Lichukue daftari hilo la kaunta, lile lenye majina yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu na mengine ambayo hayajakatwa kwa miaka mitatu, ulisome kwa jicho la mpinzani wako. Mabati 20 ya geji 30, amelipa 12. Saruji mifuko 6, atalipa akivuna. Kila mstari ambao haujakatwa ni mpiga kura anayekuogopa, au anayetumaini kwamba utamsamehe, na hali zote mbili ni mbaya kwako. Fundi mmoja aliwahi kuniambia, bila kinyongo, kwamba alihudhuria mikutano yote ya kampeni ya bosi wangu wa wakati huo kwa sababu alikuwa na deni la nondo, na aliona aibu kutoonekana. Tangu siku hiyo siwezi kuhesabu umati wa mkutano bila kujiuliza ni wangapi wamo daftarini. Kwa hiyo funga daftari hilo walau mwaka mmoja kabla ya kuchukua fomu, mpe kila mdaiwa karatasi ya salio lake, mpangie muda wa kulipa unaolingana na msimu wake, na kazi ya kukusanya umpe mtu asiyehusika na siasa zako. Usimbane mtu kwa sababu ya chama chake, wala usifute deni la mtu msimu wa kura ukikaribia, maana deni lililofutwa wakati huo ni hongo hata kama moyoni ulikusudia huruma.

Hapo ndipo inapoingia habari ya michango. Mwenye duka letu huombwa saruji ya msikiti, rangi ya kanisa na misumari ya choo cha shule, naye amezoea kutoa. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa na sheria ya uchaguzi, lakini Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inayobana zawadi na matumizi ya wagombea. Toa unachotoa katika miaka ya kawaida, kwa stakabadhi na bila kipaza sauti, na uwaeleze mapema viongozi wa dini na walimu wakuu kwamba kipindi cha uchaguzi utasimama.

Jambo zito zaidi ni halmashauri kuwa mteja wako. Madarasa na zahanati nyingi siku hizi hujengwa kwa mafundi wa mtaani, na vifaa vikinunuliwa na kamati zilizoko shuleni au kijijini, huku zabuni zikipita katika NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma unaotumika tangu mwaka 2023. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwalimu mkuu anayetafuta saruji hawezi kusahau hivyo, hata usipomwambia neno. Ushauri wangu ni kwamba uache kabisa kuuzia miradi ya umma ndani ya halmashauri yako kwa muda wote wa kiti, na hasara hiyo uihesabu kabla ya kugombea. Kuandika duka kwa jina la mkeo au la kijana wako hakutoshi: tamko la mali linalotakiwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 linagusa pia mali za mwenzi wako na za watoto wadogo, na mtaani kila mtu anajua funguo zinalala kwa nani.

Ukishatengana hivyo, ujuzi wako unakuwa mali ya kata. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa takriban kilo 10.7, na wewe ukiinyanyua tu unajua kama imepunjwa. Unajua pia kwamba namba ya geji ikipanda unene wa bati hupungua, na kwamba mfuko wa saruji ulioanza kuganda pembeni haufai kumwaga zege la msingi. Nenda na mizani kwenye mradi, pima mbele ya kamati ya mapokezi, na wafundishe wajumbe kupima wenyewe ili kazi isikusubiri wewe.

Ukichaguliwa, jaza tamko la mali ndani ya siku 30 na ulirudie kila mwaka kabla ya tarehe 31 Desemba. Na siku ajenda ya vifaa vya ujenzi itakapofika mezani, katika kamati au katika Baraza la Madiwani, simama kabla mjadala haujaanza, taja duka lako kwa jina, omba maneno yako yaandikwe katika muhtasari, kisha toka nje mpaka utakapoitwa.